Makhan Singh na Mpaka wa Utumwa

Katika mijadala ya siku hizi kuhusu utumwa na haki za wafanyakazi, hawakosi watu wenye kushikilia kwamba mambo haya mawili hayahusiani hata kidogo. Kwao, utumwa ni kazi isiyo na malipo. Palipo na ujira, ujapokuwa mdogo namna gani, hapana utumwa. Hoja hii huwavutia wengi kwa wepesi wake. Hata hivyo, haikubaliani na historia yetu, wala haikubaliani na lugha yetu.

Tulitazame neno kibarua. Asili yake ni barua, yaani kile kijikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa kuwa ushahidi wa kazi yake. Katika karne ya 19, wengi wa vibarua wa Unguja walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana wao, na ujira wao ukagawanywa baina ya mtumwa na bwana. Malipo yalikuwapo, na utumwa ulikuwapo vilevile. Kwa hiyo, kinachotenganisha mtumwa na mtu huru si pesa peke yake. Twapaswa kuuliza pia iwapo mtu huyo ana uwezo wa kukataa kazi, kuiacha, na kuungana na wenzake ili kudai masharti yaliyo bora.

Sioni mtu katika historia ya Kenya aliyelielewa jambo hili kwa undani zaidi ya Makhan Singh. Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 huko Punjab, katika India ya wakati huo, akaja Nairobi mwaka 1927 kuungana na baba yake, Sudh Singh, fundi aliyekuwa amefanya kazi katika reli kabla ya kuanzisha kiwanda cha kupiga chapa. Kijana huyo alipenda masomo na utungaji wa mashairi, lakini fedha za kuendelea na elimu hazikupatikana. Akaingia kiwandani kwa baba yake.

Kenya aliyoikuta ilikuwa imekwisha kuufuta utumwa kisheria katika ukanda wa pwani tangu mwaka 1907. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga Sheria ya Mabwana na Watumishi, iliyomfanya mfanyakazi mwenye kutoroka kazini kuwa mhalifu wa kutiwa gerezani. Aidha, kodi ya nyumba ilimlazimu Mwafrika kutafuta fedha, na kwa wengi njia ya kuzipata ilikuwa kumfanyia mlowezi kazi. Kuanzia mwaka 1920 kikaongezwa kipande, hati yenye alama za vidole na rekodi ya ajira, ambayo wanaume wa Kiafrika waliivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Uchumi wa mashamba makubwa ulihitaji kazi ya bei nafuu, na kwa kuwa ujira uliotolewa haukutosha kuwavuta watu kwa hiari yao, sheria ilitumiwa kuwasukuma.

Mwaka 1935 Makhan Singh alichukua ukatibu wa chama cha wafanyakazi Wahindi wa Nairobi. Hakuridhika na jina wala mipaka ya chama hicho. Alitambua kwamba madhali mwajiri aliweza kumtumia Mwafrika kumtisha Mhindi, na Mhindi kumdharau Mwafrika, hapana ambaye angepata haki yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka huohuo chama kikafunguliwa kwa wafanyakazi wa rangi zote. Mwaka 1937 mafundi wa Nairobi waligoma kwa siku 62, wakapata nyongeza ya mishahara ya kati ya asilimia 15 na 22. Wale wanaodhani kwamba haki za mfanyakazi huua biashara na wakumbuke kwamba Nairobi haikufa kwa nyongeza hiyo, iliendelea kukua.

Alipozuru India, Waingereza walimkamata mwaka 1940, wakamzuia hadi 1945. Alirejea Kenya mwaka 1947, na serikali ikajaribu kumfukuza nchini bila kufaulu. Tarehe 1 Mei 1949, yeye na Fred Kubai walianzisha Muungano wa Vyama vya Wafanyakazi wa Afrika Mashariki, Kubai akiwa rais, naye katibu mkuu. Tarehe 23 Aprili 1950, katika Ukumbi wa Kaloleni, alitamka hadharani dai la uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Kwake hapakuwa na ukuta kati ya ujira na uhuru, kwani waliotunga sheria za kazi hawakuchaguliwa na wanaofanya kazi.

Mwezi uliofuata, tarehe 15 Mei, alikamatwa pamoja na Kubai. Mgomo mkuu ukazuka Nairobi na kuenea kwingineko. Baada ya kesi iliyosikilizwa Nyeri, alipelekwa Lokitaung, na baadaye Maralal. Hakuachiliwa hadi Oktoba 1961, baada ya zaidi ya miaka 11. Hakushtakiwa kwa kumwaga damu wala kwa wizi. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 hakupewa cheo, na mwaka 1969 alichapisha historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya. Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1973.

Yamkini msomaji atasema kwamba hayo yamepita. Ni kweli kwamba Katiba ya mwaka 2010 inakataza utumwa na kazi za kulazimishwa katika kifungu cha 30, na katika kifungu cha 41 inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma. Lakini katika miaka ya karibuni tumewapokea mabinti zetu kutoka nchi za Ghuba wakisimulia jinsi pasipoti zao zilivyonyang'anywa na milango kufungwa kwa nje. Walikuwa na mikataba, na mishahara iliandikwa humo. Walichokosa ni uwezo wa kuondoka, na wenzao wa kuungana nao.

Kwa hiyo, tunapotathmini mkataba wowote, uwe wa Riyadh, wa shamba la maua Naivasha au wa mjakazi aliye jikoni mwetu, tusitosheke kuuliza analipwa kiasi gani. Tuulize pia kama anaweza kuiacha kazi hiyo kesho bila kuogopa, na kama anaweza kukutana na wenzake leo bila kufukuzwa. Anayeshindwa kujibu maswali haya mawili hana haki ya kutuambia kwamba utumwa ulikwisha mwaka 1907.