Mwalimu Nyerere na Ujasiri wa Kuonyesha Rasimu



Kila ifikapo tarehe 14 Oktoba tunamkumbuka katika sala Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, Baba wa Taifa letu na Mtumishi wa Mungu. Mengi husemwa siku hiyo juu ya Uhuru, Muungano na Azimio la Arusha. Safari hii tumependa kumtazama kwa upande usiozungumzwa sana. Mwalimu alikuwa mtu wa rasimu. Alijaribu jambo kwa kiasi kidogo, akalitoa watu waone likiwa bado na kasoro, kisha akarudi kulisahihisha. Tutaona pia mahali ambapo jaribio zuri lilinyimwa nafasi ya kusahihishwa, na sisi tulio huku Nyanda za Juu Kusini, hasa ndugu zetu wa Iringa, tunajua jambo hilo liligharimu nini.

Kijana wa Butiama

Kambarage alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Nyumbani lugha ilikuwa Kizanaki. Kiswahili alikipata shuleni kama wengi wetu tulivyokipata baada ya Kihehe, Kibena, Kinyakyusa au Kisafwa. Jambo hili dogo tuliweke akilini, maana litatusaidia mbele.

Kutoka Mwisenge alikwenda Tabora, kisha Makerere. Alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943 na kupewa jina la Julius. Alifundisha Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949, akarudi mwaka 1952 na shahada yake. Mwaka uliofuata alifunga ndoa na Mama Maria. Alikuwa akifundisha Pugu wakati TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, na mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu kwa sababu ya siasa.

Hapo alirudi nyumbani bila mshahara. Wamisionari wa Maryknoll waliokuwa wakihudumu upande wa Musoma walihitaji mtu wa kuwafundisha Kizanaki na kuwasaidia kutafsiri sala, katekisimu na masomo ya Misa. Mwalimu aliifanya kazi hiyo. Hatuna budi kuliona jambo hili vizuri: mtu aliyekuwa ametoka kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa New York mwezi Machi aliketi na daftari akitafuta neno la Kizanaki litakaloeleweka kanisani. Tafsiri ya namna hiyo haipimwi na wasomi. Inapimwa na bibi aliyeketi kwenye benchi la nyuma. Akitikisa kichwa, neno limekataa, na mtafsiri anarudi kwenye daftari lake.

Kitabu kilichotoka na kasoro zake

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mwezi mmoja na nusu baadaye, Januari 1962, Mwalimu alijiuzulu Uwaziri Mkuu ili aijenge TANU vijijini. Mwishoni mwa mwaka huo akawa Rais wa Jamhuri. Katikati ya shughuli hizo zote, mwaka 1963 kikatoka kitabu kilichowashangaza wengi: tamthilia ya Shakespeare kwa Kiswahili, kazi ya Nyerere mwenyewe, iliyochapishwa na Oxford University Press. Kiliitwa Julius Caezar.

Sababu ya kazi ile ilikuwa ya kinyenyekevu. Mwalimu alitaka kujizoeza Kiswahili. Lugha aliyoipata shuleni alikuwa sasa akiitumia kuongoza nchi, naye aliona kwamba njia nzuri ya kujua upana wa lugha ni kuibebesha mzigo mzito. Wakati ule wapo walioamini kwamba Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya kutoa amri, haiwezi kubeba fikra nzito za tamthilia kubwa. Mtu angeweza kujibu kwa hotuba. Mwalimu alijibu kwa kufanya, akaiweka kazi mezani ili kila mtu aione na kuipima.

Na watu waliipima. Aliyeipima kwa ukali kuliko wengi alikuwa mtafsiri mwenyewe. Aliyaona mapungufu ya lugha na ya maana katika kazi yake, akarudi tena kwenye mistari ileile. Mwaka 1969 likatoka toleo jipya lililosahihishwa, hata jina likabadilika: Juliasi Kaizari. Ukiyatazama majina hayo mawili utaelewa safari yote. La kwanza bado limesimama mguu mmoja Uingereza. La pili linatamkwa na mtoto wa Mufindi au wa Tukuyu bila kugeuza ulimi. Mwaka huohuo wa 1969 ikatoka pia Mabepari wa Venisi, tamthilia ya pili ya Shakespeare aliyoitafsiri.

Tutafakari kidogo hapa. Yule alikuwa Rais. Angeweza kuificha ile kazi ya kwanza katika saraka mpaka ikamilike, au asiitoe kabisa kwa kuogopa kuchekwa. Angeweza pia kuitoa kisha akakataa kukiri kwamba ina makosa, kwa kuwa nani angethubutu kumsahihisha mkuu wa nchi? Hakufanya hivyo. Alikubali ijulikane kwa maandishi, nchi nzima, kwamba Mwalimu naye amesahihisha daftari lake. Bila toleo la 1963 lisingekuwapo la 1969. Kasoro zisizoonekana hazisahihishwi.

Litowa: rasimu ya kijiji

Sasa twende Songea. Mwaka 1960 vijana wachache wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga waliamua kuishi na kulima pamoja, na baada ya kuhangaika walikita Litowa. Walianza na jembe, njaa na makosa mengi. Polepole walijifunza. Vijiji vingine viliwaona vikaja kuuliza, vikajiunga, na chama chao cha maendeleo cha Ruvuma kikafikia vijiji kama 17. Walikuwa na mashine ya kusaga Songea, na shule yao ya Litowa iliunganisha masomo na kazi za kijiji. Mambo yaliamuliwa na wanakijiji wenyewe mkutanoni.

Mwalimu alifika Litowa, akapenda alichokiona. Maandishi yake ya mwaka 1967, yale ya Elimu ya Kujitegemea na yale ya Ujamaa Vijijini, yana harufu ya Litowa. Aliandika wazi kwamba kijiji cha ujamaa hakiundwi kwa kulazimisha watu. Wajiunge kwa hiari baada ya kuona faida. Hiyo ndiyo njia ileile ya kitabu: jaribu kidogo, onyesha, sahihisha, na anayevutiwa aje.

Lakini mwezi Septemba 1969, mwaka uleule wa Juliasi Kaizari, Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama kile cha Ruvuma na mali zake zikachukuliwa. Viongozi wengi hawakupendezwa na vijiji vilivyojiamulia mambo bila kusubiri maagizo. Aliyeiongoza TANU alikuwa Mwalimu. Hatuwezi kulipita jambo hili kwa sababu tu tunampenda.

Ismani, Noeli ya 1971

Kilichofuata tunakijua zaidi sisi wa huku. Ismani, kaskazini ya mji wa Iringa kwenye barabara ya Dodoma, ilikuwa imekuwa ghala la mahindi. Wapo waliokuwa wamefyeka pori kwa nguvu zao wakapata mashamba makubwa. Mwaka 1971 vijiji vya ujamaa vilikuwa vikianzishwa Ismani kwa haraka chini ya Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, mtu msomi na mwenye bidii. Siku ya Noeli, tarehe 25 Desemba 1971, alikwenda kwenye shamba la mkulima Said Mwamwindi. Yakatokea mabishano, na Mwamwindi akampiga risasi akafa. Mwamwindi alishtakiwa na kuhukumiwa kifo.

Nyumba mbili zilibaki na msiba. Hatuandiki haya ili tumhukumu marehemu yeyote; hukumu ni ya Mungu. Tunaandika kwa sababu tofauti kati ya Litowa na Ismani ndiyo somo lenyewe. Litowa wazo lilikwenda kwa mwendo wa watu waliolibeba, na walipokosea walibadili wenyewe. Ismani wazo lilifika likiwa limekwisha kukamilika, na aliyekuwa na neno la kusema hakuwa na mahali pa kulisemea. Rasimu ilikuwa imegeuka amri.

Mwezi Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima kwa wote kufikia mwisho wa mwaka 1976. Watu zaidi ya milioni 10 wakawa katika vijiji. Wako wazee katika parokia zetu wanaokumbuka mabati na magunia yakipakiwa kwenye lori, na nyumba zikibomolewa. Wako pia wanaokumbuka kwamba kwa mara ya kwanza walipata shule, zahanati na bomba la maji karibu. Kumbukumbu zote mbili ni za kweli, na mchungaji mwema huzisikiliza zote.

Kurudi kwenye daftari

Mwaka 1977, Azimio lilipotimiza miaka 10, Mwalimu aliandika tathmini yake. Ndani yake alieleza mafanikio, lakini hakuficha kwamba nchi ilikuwa bado haijafikia ujamaa wala kujitegemea, na kwamba makosa yalikuwa yamefanyika. Ilikuwa sauti ya yule mtafsiri wa zamani, ingawa safari hii kusahihisha kulikuwa kugumu zaidi. Mstari wa tamthilia ukikosewa hufutwa. Nyumba iliyobomolewa haifutwi kwa kalamu, na mtu aliyekufa harudi.

Aling'atuka Urais mwaka 1985. Uzeeni alirudi kwenye kazi iliyofanana na ile ya mwaka 1955, yaani kulipeleka Neno la Mungu katika lugha ya watu. Mwaka 1996 Benedictine Publications Ndanda–Peramiho walichapisha tenzi zake za Injili nne na Matendo ya Mitume. Alichagua utenzi, umbo ambalo Waswahili wamelitumia kwa karne nyingi kuimba mambo ya dini, ili Injili iweze kuimbwa na kukaririwa. Tarehe 14 Oktoba 1999 alifariki dunia London, akazikwa kwao Butiama. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianza mchakato wa kumtangaza mwenye heri.

Sisi je?

Ndugu mafrateri, na ninyi waamini wa parokia zetu kuanzia Iringa hadi Mbeya, tunajifunza nini?

Kwanza, tusiogope kuonyesha kazi ambayo haijaiva. Wapo kati yetu wenye nyimbo daftarini, wenye maigizo ya Pasaka, wenye wazo la kuwasaidia vijana wa bodaboda au wajane wa kigango, nao wanasubiri siku ambayo kila kitu kitakuwa kamili. Siku hiyo haiji. Wimbo ufundishwe kwa sauti moja tu na watu wanne wa kwaya, Jumamosi jioni. Homilia isomwe kwa mwenzako kabla ya kuisoma kwa waamini. Mradi wa kuku wa parokia uanze katika Jumuiya Ndogo Ndogo moja, si katika zote 30 kwa mkupuo.

Pili, tunapoonyesha, tusitafute kusifiwa. Kumpa mtu rasimu ni kumpa kalamu nyekundu. Ukimwonyesha ukanuna anaposema, hukumwonyesha. Ulimtaka apige makofi. Sisi waseminari tuna hatari yetu ya pekee hapa, kwa sababu siku moja tutavaa kanzu na stola, na watu wetu wana heshima kubwa kwa padre. Watanyamaza hata pale wanapoona tumekosea. Tukitaka kuambiwa ukweli itatupasa tuutafute, tuuombe, na tumshukuru anayetuambia, hasa akiwa ni yule bibi wa benchi la nyuma.

Tatu, jambo likifaulu mahali pamoja, tusilifanye sheria kwa kila mahali kesho yake. Kilichoota Litowa kiliota kwa sababu wenyewe walikipanda. Tunapohamishiwa parokia mpya tukiwa na mpango wetu mkononi, tukumbuke Ismani, tukae kwanza, tuulize, tujaribu na wachache.

Mwalimu alitufundisha hayo kwa alipofaulu na kwa alipokosea, na sote wawili, anayemsifu na anayemlalamikia, tunaweza kumwombea pamoja. Wiki hii kila mmoja wetu achague kazi moja aliyoificha, amwonyeshe mtu mmoja, na asikilize mpaka mwisho bila kujitetea.

Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina.