Todd Duncan: Mwimbaji na Mwalimu wa Sauti



Mwaka wa jubilii, kama tunavyousoma katika Walawi 25, ni mwaka wa kufungua. Mtumwa huachiliwa na aliyepoteza shamba la baba yake hulirudia. Kwa sababu hiyo, pamoja na historia ya kwaya yetu, tumeona vyema kuwaletea maisha ya mwimbaji mmoja wa zamani aliyefungua mlango uliokuwa umefungiwa watu wake, kisha akaumaliza uzee wake akifundisha wengine kuimba.

Todd Duncan alizaliwa tarehe 12 Februari 1903 mjini Danville, katika jimbo la Kentucky, Marekani. Mama yake alikuwa mwalimu wa muziki. Alisoma Chuo Kikuu cha Butler mjini Indianapolis, kisha akapata shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1930. Mwaka huo huo alianza kufundisha uimbaji katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, chuo kilichoanzishwa mwaka 1867, miaka miwili baada ya utumwa kukomeshwa Marekani.

Sauti yake ilikuwa baritoni, yaani ile inayokaa kati ya tena na besi. Alipenda opera, ambayo ni mchezo wa kuigiza unaoimbwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Lakini nyakati hizo majumba makubwa ya opera ya Marekani hayakumpa mtu mweusi nafasi ya kuimba. Mwaka 1934 aliimba New York na kundi la waimbaji weusi, na mwaka uliofuata mtunzi George Gershwin akamchagua kuwa Porgy katika opera yake mpya, Porgy and Bess.

Porgy ni mlemavu wa miguu anayeomba sadaka. Ili kumwigiza, Duncan alilazimika kuimba akiwa amepiga magoti usiku baada ya usiku. Wenzetu wa besi wanajua ilivyo kazi kushusha pumzi hadi chini ya tumbo hata mtu akiwa amesimama wima. Yeye aliimba hivyo zaidi ya mara 1,800.

Mwezi wa Machi 1936 opera hiyo ilipelekwa Washington, katika National Theatre. Ukumbi huo haukuwaruhusu watu weusi kukaa na kutazama. Duncan angepanda jukwaani aimbe, lakini wanafunzi wake na majirani zake wasingeweza kununua tiketi. Alikataa, na Anne Brown aliyeimba sehemu ya Bess akakataa pamoja naye. Wenye ukumbi walijaribu kupatana naye: kwanza weusi waingie kwa maonyesho machache ya mchana, kisha waingie lakini wakae juu kabisa, nyuma. Duncan hakukubali. Alitaka mtu akae kwenye kiti alichokilipia, basi. Mwishowe wenye ukumbi walikubali, na kwa mara ya kwanza weusi na weupe walikaa pamoja mle ndani. Onyesho lilipoondoka mjini, ukumbi ulirudia ubaguzi wake, na ikachukua miaka mingine mingi kabla haujabadilika kabisa. Wazee wetu waliofika Nairobi wakati wa ukoloni wanaelewa jambo hili bila kuelezwa, maana kulikuwa na hoteli ambazo Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni tu.

Tarehe 28 Septemba 1945 Duncan aliimba na New York City Opera katika Pagliacci. Alikuwa mwimbaji mweusi wa kwanza kuimba na kampuni hiyo, akiwa katikati ya waimbaji weupe. Mwaka 1949 alipewa sehemu inayotugusa sisi Waafrika kwa karibu zaidi. Kitabu cha Alan Paton kuhusu Mchungaji Stephen Kumalo wa Afrika Kusini, ambacho baadhi yetu tumekisoma, kiligeuzwa kuwa mchezo wa kuimbwa uitwao Lost in the Stars. Duncan ndiye aliyekuwa mchungaji yule mzee anayefunga safari kwenda Johannesburg kumtafuta mwanawe, akamkuta gerezani kwa kosa la kuua. Mchezo huo ulionyeshwa mara 281 New York.

Kwa jumla aliimba katika nchi 56. Hata hivyo, kazi aliyoishika kwa muda mrefu kuliko zote ni ya ualimu. Aliondoka Howard mwaka 1945, lakini hakuacha kufundisha. Alipokea wanafunzi nyumbani kwake Washington, mmoja mmoja, kwa miongo mingi baada ya makofi ya jukwaani kunyamaza. Alifariki tarehe 28 Februari 1998, akiwa na umri wa miaka 95.

Tunajifunza nini tunapoadhimisha jubilii yetu? Kwanza, sauti ni kipaji, lakini pumzi, matamshi na kusikilizana hufundishwa. Wale wanaoijua solfa vizuri katikati yetu wanazeeka. Kila mmoja wao asipomshika kijana mmoja mkono na kumfundisha, tutabaki na sare nzuri na nyimbo zisizoimbika.

Pili, tuangalie viti vyetu. Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, aliwaonya waumini waliomweka tajiri mahali pazuri na maskini chini. Leo hema la mbele limetengewa wageni waalikwa, na ni vyema kuheshimu wageni. Lakini mama aliyefunga kibanda chake sokoni ili aje kutusikiliza, na kijana wa bodaboda aliyesimama nje ya ua, nao ni wageni wetu. Tuwatafutie kivuli. Na anayetaka kuimba nasi ila hajapata pesa za sare, aje mazoezini hivyo hivyo alivyo. Sare itatafutwa.

Duncan alijua kwamba wimbo mzuri unaoimbwa mlango ukiwa umefungwa haujakamilika. Mungu aibariki jubilii yetu, na awabariki wote watakaoimba baada yetu.