Mohamed Husen: Askari wa Dar aliyenyimwa karatasi Berlin

Hebu toa kitambulisho chako mfukoni ukitazame. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba, na ile picha ambayo huwezi kumwonyesha mtu. Sasa chukulia umeshakufa miaka themanini, na mtu ambaye hamkuwahi kuonana anajaribu kujua ulikuwa nani, ulipita wapi na uliumia wapi. Ataanzia hapo kwa kitambulisho, na atataka zaidi.

Kwa mwanajeshi wa Kijerumani wa Vita vya Pili vya Dunia, hiyo kazi huwa na pa kuanzia. Mfukoni mwa koti alibeba kijitabu kiitwacho Soldbuch, yaani kitabu cha mshahara. Usidanganywe na jina. Humo mliandikwa cheo chake, vikosi alivyopitia, buti na nguo alizopewa, chanjo, hospitali alizolazwa na likizo alizochukua. Kitabu cha pili, Wehrpass, hakukitembeza. Kilikaa ofisini mwa kikosi, na akifa kilipelekwa kwa jamaa zake. Shingoni alivaa kibati cha mviringo chenye mstari wa kukatika katikati, ili nusu moja ibaki na maiti na nyingine ipelekwe kuripotiwa. Wanaoanza utafiti hukosea hapo kwa kibati: mara nyingi kinataja kikosi kilichompokea mwanzo, wala si kile alichofia. Ukitaka kujua alifika wapi, fuata mihuri ya kitabuni, ukurasa baada ya ukurasa.

Sasa chukua mwanajeshi wa Kijerumani aliyezaliwa Dar es Salaam na aliyeongea Kiswahili kama mimi na wewe. Utamtafuta kwenye kitabu gani?

Jina lake la kuzaliwa ni Mahjub bin Adam Mohamed. Alizaliwa tarehe 22 Februari 1904, wakati Dar ilikuwa makao makuu ya koloni la Ujerumani. Babake alikuwa askari mwenye asili ya Sudan, na katika jeshi la kikoloni, Schutztruppe, alipanda hadi cheo cha efendi, ngazi ya juu kabisa ambayo Mwafrika angefika. Vita vilipozuka mwaka wa 1914, baba na mwana waliingia vitani pamoja. Piga hesabu mwenyewe. Kijana alikuwa na miaka kumi. Wewe ukiwa umri huo ulikuwa ukitumwa dukani na kurudi bila chenji, yeye alikuwa akifundishwa kupeleka ishara za kijeshi.

Ukipita Kenyatta Avenue jijini Nairobi utaona sanamu za askari na wapagazi wa vita hivyohivyo, ila hao ni wa upande wa Waingereza. Kariokor nayo ilipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi hao. Yaani vijana wa huku na vijana wa kule walirushiana risasi kwa niaba ya wafalme wawili wa Ulaya ambao hawakuwahi kukutana nao. Moja ya vita vikali zaidi vilipiganwa Mahiwa, bara ya Lindi, Oktoba 1917. Mahjub alijeruhiwa huko akiwa na miaka kumi na mitatu, kisha akaangukia mikononi mwa Waingereza kama mateka.

Vita vikaisha, Ujerumani ikapoteza koloni, na mishahara ya askari ikabaki deni. Kijana akatafuta riziki baharini, akawa mhudumu kwenye meli za abiria. Mwaka wa 1929 meli ikamfikisha Ujerumani, naye akaenda Berlin na ombi moja lililo wazi kabisa: mimi na babangu tulipigania nchi hii, tulipeni pesa zetu. Wizara ya Mambo ya Nje ikamjibu kwamba muda wa kudai ulikuwa umepita. Basi. Kwaheri.

Hapa nisimame kidogo, maana wengi hudhani habari ya askari hao iliishia hapo. Mwaka wa 1964, mwaka uleule ambao kamanda wao wa zamani, Lettow-Vorbeck, alifariki, bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee walipokusanyika Mwanza, wachache tu walikuwa na vyeti. Basi afisa wa benki akawapa ufagio mmoja mmoja, akawaamrisha kwa Kijerumani washike silaha na kutoa saluti, na hakuna aliyeshindwa. Iwe ilitokea hivyo hasa au imetiwa chumvi, unaelewa kwa nini ilisimuliwa. Mkono ulikumbuka kile ambacho hakikuandikwa popote.

Turudi Berlin. Kijana wetu, ambaye sasa alijiita Mohamed Husen, hakurudi baharini. Alipata kazi ya uhudumu Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe lililokuwa Potsdamer Platz. Chuo kikuu nacho kikamchukua kuwa msaidizi wa kufundisha Kiswahili. Kwa maneno mengine, kulikuwa na wasomi wa Kijerumani waliojifunza kusema hujambo kutoka kwake, na malipo yalikuwa kidogo sana. Tarehe 27 Januari 1933 alimuoa Maria Schwandner. Siku tatu baadaye Hitler akawa Kansela.

Kuanzia hapo, maisha ya Husen yanasomeka vizuri zaidi kwenye barua alizokataliwa kuliko kwenye vyeti alivyopewa. Mwaka wa 1934 serikali ilianza kutoa nishani kwa wote waliopigana mstari wa mbele katika Vita vya Kwanza. Husen akaomba yake. Alikuwa na kovu, alikuwa na historia, alikuwa na haki. Akanyimwa, kwa kuwa nishani ile haikukusudiwa mtu mweusi. Unajua alifanya nini? Alijitafutia nishani madukani, akashona sare ya askari, akaivaa kwenye mikutano ya hadhara ya Wajerumani waliotaka makoloni yao yarudi. Kuna watakaomwona msaliti. Mimi naona mtu aliyekuwa akijitengenezea kitambulisho kwa kitambaa na chuma, baada ya ofisi zote kumfungia dirisha. Lakini usimfanye malaika pia. Alijua vizuri mikutano ile ilikuwa ya nini, na aliutumia ule mchezo kula.

Mwaka wa 1935 kibarua cha Haus Vaterland kikaota nyasi. Kilichombakisha ni chuo na sinema. Kati ya 1934 na 1941 alionekana katika filamu zaidi ya ishirini, aghalabu kama mhudumu au mtumishi anayepita na sinia nyuma ya mastaa wa Kizungu. Katika Die Reiter von Deutsch-Ostafrika ya 1934 aliigiza askari, kazi aliyoifanya kweli akiwa mtoto. Fikiria hilo: anacheza kwenye skrini vita ambavyo wakubwa wa ofisi wanakataa kumpa nishani yake.

Vita vya pili vilipoanza mwaka wa 1939 alijitolea kujiunga na jeshi. Wakamkataa. Kwa hiyo ile Soldbuch niliyokueleza mwanzo hakuwahi kuipata. Ukiitafuta kwa jina lake utapoteza wakati.

Mwaka wa 1941 ilitoka filamu ya kumsifu Carl Peters, yule mkoloni aliyewaua watu Kilimanjaro. Ndani yake Husen alipata nafasi kubwa kuliko zote, mkalimani wa shujaa huyo wa uongo. Ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Kipindi hicho alikuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani mweupe. Mtu akachongea. Agosti 1941 Gestapo wakamkamata kwa madai ya kuchafua damu ya taifa, na bila hukumu ya mahakama yoyote akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin. Huko hatimaye Ujerumani ilimpa namba. Alifariki tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na miaka arobaini.

Ikiwa unataka kumtafuta mtu wa aina hii, iwe ni babu wa babu yako aliyekuwa askari au mpagazi, kwanza jua kwamba kumbukumbu nyingi za jeshi la wakati ule ziliteketea Potsdam mabomu yalipoanguka Aprili 1945. Hivyo usikomee kwenye faili za jeshi. Husen amepatikana kwenye faili za Wizara ya Mambo ya Nje, kwenye cheti cha ndoa, kwenye karatasi za chuo, kwenye orodha za waigizaji. Halafu jaribu kila tahajia ya jina. Mahjub, Majub, Mohamed, Bayume, Husen, Hussein: wote hao ni mtu mmoja, na karani mmoja mvivu akikosea herufi, mtu anapotea. Wazee wetu wa Kenya waliofungwa kipande shingoni wanajua uchungu wa jina kuandikwa na mtu asiyelijua.

Ukifika Berlin siku moja, nenda mtaa wa Brunnenstraße, nyumba namba 193, kisha uangalie chini badala ya juu. Tangu mwaka wa 2007 kuna jiwe dogo la shaba lililopachikwa kati ya mawe ya njia ya miguu, upana wake kama kiganja. Jina lake lipo, mwaka wa kuzaliwa upo, na kambi aliyofia imetajwa. Watu wanalikanyaga wakielekea kazini.