McCOY: JAMAA ALIYEIFANYA TRENI IJITIE OILI YENYEWE

Wadau, najua kijiweni ubishi wa oili gani iwekwe kwenye injini kuukuu ya petroli hauishi. Leo nawaletea stori ya Elijah McCoy, maana kwangu mimi huyu ndiye anayemaliza huo ubishi.

McCoy alizaliwa mwaka 1844 huko Ontario, Kanada. Wazazi wake walikuwa watumwa Kentucky, Marekani, wakatoroka. Dogo alipofika miaka 15 wakampeleka Edinburgh, Uskoti, kusomea mitambo. Baadaye akaenda Michigan kutafuta kazi, shule anayo kichwani, lakini ngozi ikamponza. Reli ya Michigan Central haikumpa uinjinia. Akapewa kutia makaa ya mawe kwenye tanuru na kupaka oili vyuma vya treni.

Mimi hapo ningesusa. Yeye akatumia macho. Enzi hizo treni ilibidi isimame kila mara ili mtu ashuke na kopo kutia oili, la sivyo vyuma vinasagana na kukwama. Mwaka 1872 akapata hataza ya kikombe kinachotumia nguvu ya mvuke kupeleka oili kwenye silinda huku treni inatembea. Baadaye injini zikaja na mvuke mkali zaidi, oili ikawa inaungua. Mwaka 1915 akapata hataza nyingine, ya kifaa cha kuchanganya oili na unga wa grafaiti.

Umeona hapo? Injini ikibadilika, na oili inabadilika. Gari lako la zamani ni hivyo hivyo. Injini nyingi za zamani kamshafti inasugua tapeti bapa, kwa hiyo zinataka oili yenye zinki na fosforasi ya kutosha. Oili nyingi mpya zimepunguziwa hivyo vitu ili zisiharibu kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. Halafu oili nyepesi kama 0W-20 ni ya injini zilizoundwa kwa ajili yake. Ukiiweka kwenye injini iliyochoka, presha inaweza kushuka. Fungua kitabu cha gari, kama kinasema 20W-50, nunua hiyo. Bei kubwa peke yake siyo dawa.

Tukirudi kwa McCoy, alipata hataza kama 57, lakini mtaji hakuwa nao. Haki za nyingi aliziuza, vifaa vikaingia sokoni bila jina lake. Kampuni yake mwenyewe aliifungua Detroit mwaka 1920, tayari mzee. Akafariki 1929.

Wamarekani wana msemo wa kukiita kitu orijino kwa jina la McCoy. Wengi wanadai ulitoka kwake, ila msemo unaofanana na huo ulishakuwepo Uskoti kabla ya hataza yake ya kwanza. Kwangu siyo tatizo. Mtu aliyenyimwa kazi ya kichwa akapewa kopo la oili, na kwa kopo hilo hilo akawafundisha mainjinia, sifa yake inamtosha.

Naomba kuwasilisha. Mafundi wa gereji mpo? Tupeni maoni, injini kuukuu mnaziwekea nini?