Agostinho Neto: Mshairi Katikati ya Vita Baridi

Wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Methali hii hutajwa kila vita vya Angola vinapojadiliwa, na haikosi ukweli. Hata hivyo, maisha ya António Agostinho Neto, mshairi, daktari na rais wa kwanza wa Angola, yanadhihirisha kwamba nyasi hizo zilikuwa na ugomvi wao hata kabla ya tembo kuwasili. Walichofanya tembo ni kuuzuia ugomvi huo usipate suluhu.

Neto alizaliwa tarehe 17 Septemba 1922 katika eneo la Icolo e Bengo, si mbali na Luanda. Babake alikuwa mchungaji wa kanisa la Kimethodisti. Mwaka wa 1947 alikwenda Ureno kusomea udaktari. Huko mashairi na siasa zake zilimtia mashakani. Alifungwa zaidi ya mara moja kabla ya kuhitimu mwaka wa 1958. Alirejea nyumbani mwaka uliofuata, akafungua zahanati Luanda. Alikamatwa tena Juni 1960. Wanakijiji wa kwao walipoandamana kudai aachiliwe, wanajeshi wa Ureno waliwamiminia risasi na kuwaua takriban watu 30. Neto alipelekwa uhamishoni Cape Verde, kisha akafungwa Lisbon. Mwaka wa 1962 aliitoroka Ureno, na kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa amechaguliwa kuongoza chama cha MPLA.

Wakati huo wapigania uhuru walikuwa wamegawanyika. MPLA kilikuwa na mizizi yake Luanda na miongoni mwa Wambundu. FNLA cha Holden Roberto kiliwategemea Wakongo wa kaskazini. Nacho UNITA, kilichoundwa na Jonas Savimbi mwaka wa 1966, kiliwategemea Waovimbundu wa nyanda za kati. Kila chama kilijitafutia mfadhili. Umoja wa Kisovieti na Kuba waliisaidia MPLA, ilhali Zaire, Marekani na China waliiunga mkono FNLA. Baadaye UNITA ilipata msaada wa Makaburu wa Afrika Kusini pamoja na Marekani.

Aprili 1974 wanajeshi waliipindua serikali ya kidikteta ya Ureno, na mlango wa uhuru ukafunguka. Januari 1975 viongozi hao watatu walikutana Mombasa, wakiwa wageni wa Mzee Jomo Kenyatta, wakaafikiana kuhusu msimamo wa pamoja. Mwezi huohuo walitia saini mkataba wa Alvor nchini Ureno, wa kuunda serikali ya mpito. Mapigano yalipozuka, walikutana tena Nakuru mwezi wa Juni. Hivyo basi, amani ya Angola ilitafutwa mara mbili katika ardhi ya Kenya.

Kwa nini haikupatikana? Mwezi uleule wa mkataba wa Alvor, Marekani iliidhinisha dola 300,000 kwa FNLA. Kufikia Julai, Rais Ford aliidhinisha mamilioni. Silaha za Kisovieti nazo ziliifikia MPLA. Kila kiongozi alitia saini akijua kwamba ana rafiki tajiri nyuma yake. Katika hali hiyo, kuridhiana kulionekana kuwa hasara.

Oktoba 1975 majeshi ya Makaburu yalivamia kutoka kusini. Novemba, wanajeshi wa Kuba walianza kumiminika. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Novemba, Neto alitangaza uhuru wa nchi ambayo hakuitawala yote. Ajabu ni kwamba mafuta ya Cabinda yaliyoigharimia serikali yake yalichimbwa na kampuni ya Kimarekani, na visima vyenyewe vikalindwa na Wakuba.

Mwezi mmoja baada ya uhuru, Neto alishiriki kuasisi Chama cha Waandishi wa Angola, akawa rais wake wa kwanza. Lakini tarehe 27 Mei 1977, wapinzani ndani ya MPLA walipojaribu kumpindua, serikali yake ilijibu kwa ukatili. Maelfu waliuawa, wengi bila kufikishwa mahakamani. Serikali ya Angola iliomba radhi mwaka wa 2021. Damu hiyo haiwezi kubebeshwa dola kuu pekee, na mhakiki anayesoma diwani ya Neto ya mwaka wa 1974, Sagrada Esperança, yaani Tumaini Takatifu, hana budi kuikumbuka.

Neto alifariki Moscow tarehe 10 Septemba 1979. Umoja wa Kisovieti ulisambaratika mwaka wa 1991, lakini vita viliendelea hadi mwaka wa 2002, Savimbi alipouawa. Tembo walikuwa wameondoka. Mafuta na almasi zikashika nafasi ya wafadhili. Ugomvi uliokaribia kupatanishwa Mombasa na Nakuru ulikuwa umedumu miaka 27.