Sayyid Barghash: Sultani aliyeuletea mji wa Unguja maji ya bomba

Na Mwandishi Wetu, Pemba

MTU anayepita Gombani msimu wa mavuno hulakiwa kwanza na harufu ya karafuu zilizoanikwa majamvini, kisha ndipo auone uwanja wa michezo uliokifanya kitongoji hiki cha Chake Chake kijulikane nchini kote. Ni wachache wanaokumbuka kwamba ushuru wa karafuu za kisiwa hiki uliingia katika hazina iliyogharamia mojawapo ya kazi kubwa za afya ya jamii katika Afrika Mashariki ya karne ya 19. Aliyeamuru kazi hiyo ni Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888.

Barghash alizaliwa mnamo mwaka 1837, mtoto wa Sayyid Said bin Sultan kwa mama wa Kihabeshi. Tangu ujana alikuwa na kiu ya madaraka. Baba yake alipofariki baharini Oktoba 1856, yeye alikuwemo chomboni, na inaelezwa kwamba aliushusha mwili usiku na kuuzika kwa siri, akitaraji kuukamata utawala kabla ya mji kuamka. Hakufaulu. Kaka yake Majid ndiye aliyekalia kiti.

Mwaka 1859 alijaribu tena, safari hii kwa silaha, akajichimbia katika shamba la Marseille huku dada yake Bibi Salme, wakati huo binti wa miaka 15, akimwandikia barua zake. Wanajeshi wa majini wa Uingereza walimsaidia Majid kuuzima uasi huo, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay.

Adhabu hiyo iligeuka kuwa shule. Bombay ya siku zile ilikuwa ikihangaika na tatizo la maji, na mwaka 1860, Barghash akiwa huko, mradi wa kuleta maji kwa mabomba kutoka ziwa la Vihar ulikamilika. Wengi walioandika habari zake wanaamini kwamba hapo ndipo alipopata wazo ambalo angelitekeleza nyumbani miaka mingi baadaye.

Mji aliourejea haukuwa na sifa nzuri kwa usafi. Taka na mizoga vilitupwa ufukweni, na mvumbuzi David Livingstone, aliyepita hapo mwaka 1866, alilalamikia sana uvundo wake. Wakazi walichota maji katika visima vifupi vilivyochimbwa kati ya nyumba, jirani na mashimo ya vyoo. Katika hali kama hiyo, kipindupindu na homa ya matumbo havihitaji mwaliko.

Kipindupindu kiliingia mwishoni mwa mwaka 1869, kikitokea bara kwa njia za misafara hadi Pangani na kuvuka bahari. Maelfu kwa maelfu walikufa Unguja. Daktari Mskoti James Christie, aliyekuwa akifanya kazi mjini humo, alifuatilia njia ya maradhi hayo kutoka kituo hadi kituo na kuchapisha kitabu mjini London mwaka 1876 ambacho wataalamu wanakitumia hadi leo. Ni Christie huyohuyo aliyeandika habari za homa ambayo watu wa pwani waliiita kidinga popo, jina ambalo wengine wanalihusisha na neno dengi.

Majid alifariki Oktoba 1870, na Barghash akarithi mji uliokuwa haujamaliza matanga. Kabla hajatulia, tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja, kikazamisha vyombo na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo kisiwa hiki ndicho kilichokuwa mzalishaji mkuu wa zao hilo.

Mwaka uliofuata, kwa shinikizo la Waingereza na vitisho vya manowari zao, alitia saini mkataba wa Juni 5, 1873 uliofunga soko la watumwa. Miaka miwili baadaye, Malkia Victoria alimpokea Uingereza kwa heshima zote. Inafaa kukumbuka kwamba wenyeji wake nao hawakuwa wamesalimika. Mume wa Malkia, Albert, alifariki Desemba 1861 kwa maradhi ambayo madaktari wake waliyataja kuwa homa ya matumbo, na mwaka 1871 mwana wa mfalme, mrithi wa kiti, aliponea chupuchupu homa hiyohiyo. London ilikuwa ndiyo kwanza inakamilisha mtandao wake mkubwa wa mifereji ya majitaka, na katika mwaka huohuo wa 1875 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya afya ya jamii iliyozibana serikali za miji kuhusu maji na majitaka.

Aliporejea, Barghash aliendelea kuujenga mji wake. Wengi humkumbuka kwa Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kazi yake kubwa zaidi ni ile isiyopigwa picha na watalii: maji ya chemchemi ya Chemchem, karibu na Bububu, yaliyovutwa kwa mabomba hadi mjini, na wananchi wakayachota bila malipo. Alijenga pia hamamu ya umma katika mtaa ambao hadi leo unaitwa Hamamni. Hayo yalifanyika wakati vimelea vya homa ya matumbo na vya kipindupindu vilikuwa ndiyo kwanza vinatambuliwa na wanasayansi wa Ulaya.

Hata hivyo, sifa hizo zina upande wa pili, hasa zikitazamwa kutoka Gombani. Waliochuma karafuu za Pemba wakati huo wengi wao walikuwa watumwa, na utumwa wenyewe haukufutwa visiwani hadi mwaka 1897. Mabomba ya Sultani hayakuvuka mkondo wa Pemba. Jasho lilitoka huku, maji yakafunguliwa kule.

Miaka ya mwisho ya Barghash ilikuwa ya machungu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana sehemu kubwa ya himaya yake ya bara, naye afya yake ikazidi kudhoofika. Mapema mwaka 1888 alisafiri kwenda Oman kutafuta nafuu katika chemchemi za maji moto. Hakuipata. Alirejea Unguja mwezi Machi na kufariki saa chache baada ya kufika.

Huku Pemba, maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri ilifunguliwa mwaka 2000 huko Wawi, si mbali na Gombani. Watafiti walipopima damu za wagonjwa wa homa kisiwani katika miaka ya 2009 na 2010, kimelea walichokikuta mara nyingi zaidi ya vingine kilikuwa kile cha homa ya matumbo.