Leona Chalmers na Kikombe cha Hedhi

Leona Chalmers alikuwa mwanamke wa Marekani. Kazi yake ilikuwa kuigiza michezo jukwaani. Mwigizaji husimama mbele ya watu wengi, taa zikimmulika. Kila mwezi Leona alipata hedhi kama wanawake wengine. Inaelezwa kuwa siku hizo, alipovaa nguo nyeupe, hakuwa na raha. Aliogopa damu isije ikaonekana.

Wanawake wa vijijini kwetu Songea wanaijua hofu hiyo. Mama aliye shambani kutwa nzima huwaza nguo yake. Msichana aliyeketi darasani huwaza vilevile. Hata katika darasa la kisomo, neno hedhi likitajwa, wanaume huinamisha vichwa na akina mama hufunika midomo kwa kanga. Lakini hedhi si ugonjwa, wala si kosa la mtu.

Wakati ule wanawake wengi wa Marekani walitumia vitambaa, au pedi zilizoshikiliwa kwa mkanda kiunoni. Vitu hivyo hunyonya damu. Leona alifikiri njia nyingine. Aliona afadhali damu ikingwe, kama tunavyokinga maji ya mvua kwa ndoo. Akabuni kikombe kidogo cha mpira, chenye umbo la kengele iliyopinduliwa. Mwanamke hukikunja na kukiingiza ukeni. Humo hufunguka na kukinga damu. Baada ya saa kadhaa hukitoa, humwaga damu, hukiosha na kukitumia tena.

Wako waliobuni vyombo vya namna hiyo kabla yake. Lakini Leona alihangaika mpaka chake kikauzwa. Mwaka 1937 alipewa hataza, yaani hati ya serikali inayomlinda mbunifu ili wengine wasiige kazi yake. Mwaka huohuo alitoa kitabu cha kuwafundisha wanawake juu ya miili yao. Huo ulikuwa ujasiri mkubwa, maana hata Marekani mambo hayo yalisemwa kwa kunong'ona.

Mara vita vikaingia. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Malaya na nchi za jirani, ambako mpira mwingi wa dunia ulitoka. Mpira uliobaki ulitakiwa kwa magurudumu ya magari na ndege za vita. Hata hapa Tanganyika, mashamba ya zamani yaliyopandwa wakati wa Wajerumani yaligemwa tena. Leona akakosa mpira, na kazi yake ikasimama.

Baada ya vita hakukata tamaa. Miaka ya 1950 ilipokaribia kwisha, kampuni iliyoitwa Tassette ilianza kuuza kikombe chake kilichorekebishwa. Hapo likatokea tatizo jingine. Utamtangazaje mtu bidhaa ambayo hata mahali inapowekwa hapatajwi? Matangazo yalizungukazunguka tu. Kampuni iliwagawia wauguzi vikombe bure, ili wawaambie wenzao. Hata hivyo wanawake wengi waliona haya kujigusa na kuosha kikombe chenye damu. Na aliyekipenda hakurudi dukani, kwa sababu kilidumu miaka. Biashara hiyo ilikufa katika miaka ya 1960.

Wazo la Leona halikufa. Mwaka 1987 kikombe kingine cha mpira kilianza kuuzwa Marekani. Baadaye vikaja vya silikoni, kitu laini kinachostahimili maji ya moto. Vikafika Afrika Mashariki pia. Kuanzia mwaka 2012 watafiti waliwapa vikombe wasichana wa shule magharibi mwa Kenya. Mwanzoni wengi waliogopa. Walifundishana wao kwa wao, na polepole wengi wakazoea.

Kikombe cha silikoni huweza kutumika hadi miaka 10. Kisikae mwilini zaidi ya saa 12. Mwenye kukitumia anahitaji maji safi, sabuni ya kunawa mikono, na sufuria ya kukichemshia hedhi inapokwisha.